Sanduku la slaidi za kale: jina la lebo si lazima liwe la fundi

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Tanga. Tulipokuwa tunahamisha stoo ya maabara tumekuta kisanduku cha mbao chenye slaidi 31 za hadubini. Nyingine zimevikwa karatasi ya kijani yenye nakshi za dhahabu, nyingine ni kioo kitupu chenye mviringo mweusi katikati. Kwenye lebo nasoma majina Topping, Baker na Watson. Moja ina herufi J.B.D., na katikati yake kuna kidoa kidogo tu, kama kichwa cha siafu. Tatu hazina lebo wala kifuniko. Zina utando wa zambarau na namba iliyokwaruzwa kwenye kioo. Zote zina vumbi, na baadhi zina ukungu kwa ndani. Hawa watu ni akina nani? Zina thamani? Na je, naweza kuzisafisha kwa spiriti ili wanafunzi wazitumie?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Naanza na swali la mwisho, maana hilo halisubiri: chupa ya spiriti irudishe kabatini. Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado kijana wa maabara mwenye kiherehere, nilipewa slaidi ya kale ya mguu wa buibui. Niliilaza ndani ya sahani ya spiriti nikaenda kunywa chai. Niliporudi, wino wa lebo ulikuwa umegeuka maji ya bluu, mviringo wa rangi umelainika, kifuniko kimeteleza pembeni, na spiriti imeanza kuingia ndani. Mguu wa buibui ninao hadi leo. Aliyeuandaa simjui na sitamjua, kwa sababu jina lake nililiosha kwa mkono wangu mwenyewe.

Sababu yake ni rahisi. Mviringo ule mara nyingi ni shelaki, yaani vanishi ya utomvu wa wadudu, au lami iliyoyeyushwa kwa tapentaini, au rangi iliyopakwa juu ya vitu hivyo. Shelaki huyeyuka kwa spiriti. Karatasi ya mapambo imebandikwa kwa gundi inayolainika kwa maji. Na kilichomo ndani hukijui bado: huenda ni utomvu, huenda ni jeli ya gliserini, huenda ni maji ya chumvi, huenda ni hewa tupu. Ukishika kimiminika chochote kabla hujajua unashughulika na kipi kati ya hivyo, unacheza bahati nasibu.

Sasa tuje kwenye slaidi zenyewe. Chukua rula upime moja. Nyingi zitakuwa inchi tatu kwa moja, yaani karibu milimita 76 kwa 25, sawasawa na zile unazonunua dukani leo. Kipimo hicho kiliwekwa na chama cha wanahadubini cha London, kilichoanzishwa mwaka 1839. Kabla ya hapo kila fundi alikata kivyake. Karne ya 18 walitumia hata vibao vyembamba vya mfupa au pembe ya ndovu, vyenye matundu manne au matano, na kila tundu lilizibwa kwa vipande viwili vya ulanga, madini yanayobanduka kwa tabaka nyembamba angavu, vilivyobanwa kwa kipete cha shaba. Ndani ya tundu utakuta bawa la nzi, magamba ya kipepeo au unywele. Kama kisandukuni kungekuwa na kibao cha aina hiyo ungekitaja, kwa hiyo naamini slaidi zako zote ni za baada ya hapo.

Mambo mawili yalibadilisha kazi hii Uingereza katika miaka ile ya 1840. La kwanza ni kioo: kodi ya kioo ilifutwa mwaka 1845, na kiwanda cha Chance karibu na Birmingham kilikuwa tayari kinatoa vioo vyembamba sana vya kufunikia. La pili ni utomvu wa Kanada, unaogemwa kwenye malengelenge ya gome la msonobari mmoja wa huko. Watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa sana habari za utomvu. Sandarusi ilichimbwa ardhini huku Mrima, ikapitia Unguja, ikapakiwa majahazini na merikebuni kwenda kutengenezewa vanishi Ulaya na Salem kule Marekani. Lakini utomvu wa Kanada una sifa yake: ukikauka haugeuki chembechembe, unabaki mwangavu, tena unaupinda mwanga karibu sawa na kioo chenyewe. Mdudu akizama humo, mwanga unapita kioo, utomvu na kioo kana kwamba ni kitu kimoja, na mdudu anaonekana peke yake. Ndiyo maana kitu kilichofungwa humo miaka 150 iliyopita unaweza kukitazama leo kama kilichoandaliwa juzi, ila rangi ya utomvu imekuwa ya asali kidogo.

Karatasi ya kijani na dhahabu haikuwa urembo mtupu. Kingo za kioo cha wakati ule zilikatwa bila kulainishwa, zilikuwa zinachana vidole. Karatasi ilifunika kingo na wakati huohuo ikashikilia kifuniko kisianguke. Kila duka na kila fundi alikuwa na karatasi yake: nyekundu, bluu, ya nyota, ya maua. Mtindo huo ulitawala tangu miaka ya 1840, ukaanza kufa karibu na 1880, viwanda vilipokuwa vinauza vioo vilivyosagwa kingo. Slaidi zako zenye mviringo mweusi kwenye kioo kitupu kwa kawaida ni za baadaye. Mviringo ule ulichorwa juu ya kibao cha shaba kinachozunguka, kifaa kilichobuniwa na Mwingereza George Shadbolt: unabana slaidi katikati, unazungusha kwa kidole, unagusisha brashi yenye rangi, na duara linajichora lenyewe. Anayesema ni rahisi hajajaribu. Mkono ukitetemeka mara moja tu, duara linakuwa yai.

Majina uliyoyasoma hayako kundi moja, na hapa ndipo wengi hupotea. Baker na Watson walikuwa wenye maduka. Charles Baker alikuwa High Holborn, London, na Watson na wanawe walikuwa mtaa huohuo. Waliuza hadubini, lenzi na slaidi kwa maelfu. Slaidi nyingi walizinunua kwa mafundi waliofanya kazi majumbani mwao, wakabandika lebo ya duka juu yake. Ni kama khanga: jina lililoko pindoni linakwambia nani aliuza, halikwambii nani alichora. Kwa hiyo slaidi yenye lebo ya Baker usiseme imetengenezwa na Baker. Igeuze. Tazama upande wa pili, tazama chini ya lebo ya duka kwa tochi iliyoinamishwa pembeni, linganisha mwandiko. Mara nyingi utakuta lebo ya pili, ndogo, ya mwandiko wa mkono, imefichwa nusu na ile kubwa. Hiyo ndogo ndiyo ninayoitaka mimi.

Topping ni habari nyingine. Charles Morgan Topping alikuwa fundi mwenyewe, wa London, aliyefariki mwaka 1874, na katikati ya karne ile wengi walimhesabu kuwa wa kwanza katika kazi hiyo. Jina lake limeshikamana na kitu kimoja: ulimi wa nzi wa nyama. Kama katika zako mojawapo imeandikwa kwa Kiingereza kwamba ni mrija wa mdomo wa nzi, itie kwenye hadubini kwanza kabla hujamaliza kusoma barua hii. Utaona matawi mawili yaliyofunguka kama feni, na ndani yake vijifereji vilivyojipanga, kila kimoja kimezungushiwa pete nyembamba. Topping alilainisha kiungo kwa dawa kali ya potasi hadi nyama ikaisha, akakitandaza, akakibana, akakikausha kwa hatua, kisha akakifunga kwa utomvu bila kubakiza hata kiputo kimoja. Wanunuzi walikitumia pia kupimia lenzi: lenzi isiyoonyesha zile pete vizuri ilirudishwa dukani.

Topping alijua pia kazi ya sindano, ambayo binafsi ndiyo inayonishangaza zaidi. Unachukua kipande cha utumbo au figo ya mnyama aliyekufa muda si mrefu, unasukuma ndani ya mishipa yake jeli ya moto iliyotiwa rangi nyekundu, jeli inapoa, unakata kipande chembamba. Kila kapilari, yaani mshipa mwembamba kabisa wa damu, inasimama kama tawi la marijani. Ukisukuma kwa nguvu mishipa inapasuka, ukisukuma polepole jeli inaganda njiani. Rangi nyekundu yenyewe ilitoka kwa mdudu, kochinili, anayeishi kwenye mpungate. Kule Vienna, Profesa Josef Hyrtl alijijengea jina Ulaya nzima kwa kazi hiyo. Kama unayo slaidi nene kiasi, yenye kipande chekundu kisichopitisha mwanga, usiitazame kwa taa ya chini. Washa tochi kutoka juu.

Ukiangalia wadudu wa Topping, wote wamebanwa bapa kama shati lililopigwa pasi. Ulikuwa ndio mtindo. Alikuja kuupinga Frederic Enock, aliyezaliwa 1845 akafariki 1916, aliyesema kwa vitendo kwamba mdudu ana unene. Aliwaandaa bila kuwabana, miguu imekaa inavyokaa, macho yamebaki mviringo, rangi haikupotea. Alipenda hasa vinyigu vidogo mno ambavyo mabawa yao yana vinyweleo kama manyoya, wadudu wasiofika hata milimita moja au mbili. Slaidi ya Enock hutambulika upesi: mwandiko wake safi wa wino, na kifuniko kimesimamishwa juu kidogo ili mdudu apate nafasi. Hukumtaja, lakini kagua zile za wadudu. Ukiona mdudu amesimama badala ya kulala, niambie.

Sasa ile J.B.D. Mwalimu, kile si kidoa cha uchafu, na nashukuru hukukikwangua. Ni picha. John Benjamin Dancer, aliyeishi 1812 hadi 1887, alikuwa mtengeneza vyombo Manchester. Mwaka 1839, upigaji picha ukiwa mchanga kabisa, tayari alikuwa ameshapiga picha ndogo isiyoonekana vizuri bila lenzi. Ilipopatikana mwaka 1851 njia ya kolodioni, yaani utando mwangavu unaopakwa kwenye kioo cha kupigia picha, ambao hauna punje zinazoonekana, akaanza kutengeneza picha za ukubwa wa nukta na kuziuza kwenye slaidi za kawaida. Kuanzia 1853 watu walinunua Malkia Victoria, Amri Kumi, noti za benki, makanisa, mashairi, vyote vikiwa vidogo kuliko punje ya mtama. Wengine walicheka wakasema ni mchezo wa watoto. Wakati Paris imezingirwa na jeshi la Prussia, mwaka 1870 hadi 1871, Mfaransa René Dagron alitumia ufundi wa jamii hiyohiyo kupeleka maelfu ya barua mjini zikiwa zimefungwa kwenye mkia wa njiwa. Mchezo ukawa posta.

Dancer mwenyewe macho yalimwisha uzeeni, akafa maskini. Mtu aliyeutumia uhai wake kutengeneza vitu vya kuonwa kwa shida akaishia haoni kitu. Mabinti zake waliendelea na kazi, halafu katika miaka ya 1890 negativu zikauzwa kwa Richard Suter wa London, ambaye naye alichapa slaidi kutoka kwenye negativu zilezile. Kwa hiyo picha moja ya Dancer unaweza kuikuta imetengenezwa na baba, na mabinti, au na Suter, na jicho la haraka halioni tofauti. Herufi J.B.D. kwenye lebo ni dalili njema, ila bado naomba picha ya lebo yenyewe kabla sijasema neno la mwisho.

Habari hiyo ya mabinti nisiipite mbio. Kazi ya slaidi ilikuwa kazi ya nyumbani: meza ya jikoni, taa ya mafuta, mke anakata karatasi, watoto wanaosha vioo, baba anafunga. Lebo hubeba jina moja. Nikiitazama karatasi iliyokatwa kwa unadhifu wa ajabu, na mviringo uliopakwa ovyo kwenye slaidi hiyohiyo, najua nimekutana na mikono miwili.

Kwa Wajerumani nitapita haraka, maana sidhani unao, lakini huwezi kujibu swali la slaidi za kale bila kumtaja Johann Dietrich Möller wa Wedel, karibu na Hamburg. Yeye alipanga daiatomu, vile vijiumbe vya majini vyenye ganda la silika lililonakshiwa. Alivipanga kimoja kimoja, kwa safu, na kila spishi mahali pake, na njia yake aliificha kama siri ya familia. Katika kazi yake kubwa kuliko zote alipanga zaidi ya maganda 4,000 katika eneo ambalo ukucha wa mtoto ungelifunika. Kama mojawapo ya zako inaonekana tupu kabisa, haina kitu ila kivuli kama pumzi juu ya kioo, usiitupe. Itazame kwanza.

Nimeziacha zile tatu zisizo na lebo mwisho kwa makusudi. Utando wa zambarau bila kifuniko, na namba iliyokwaruzwa kwa kalamu ya almasi: kwa maelezo yako hizo zinafanana sana na damu iliyopakwa kwenye kioo na kutiwa rangi ya Giemsa, ambayo Gustav Giemsa aliitangaza Hamburg mwaka 1904 na maabara za malaria zinaitumia mpaka leo. Hizi hazikuuzwa duka lolote la London. Zilitengenezwa kazini. Nawe uko Tanga, mwalimu. Juu yako kuna Amani, kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na ambacho baadaye, chini ya Waingereza, kikawa cha malaria. Sisemi kwamba slaidi zako zimetoka huko. Nasema uchunguze. Waulize wazee wa shule sanduku lilifikaje, nani aliyelileta, kama kuna daftari lililokuja nalo. Namba iliyokwaruzwa ina maana moja tu: kuna mahali palikuwa na kitabu chenye namba hiyo, na mbele yake jina la kijiji, tarehe, pengine jina la mgonjwa. Kwa sababu hiyohiyo picha zake usizisambaze mitandaoni mpaka tumejua. Aliyezipaka na kuzitia rangi yawezekana kabisa ni msaidizi wa maabara wa hapahapa, ambaye hakuna katalogi ya London itakayomtaja. Kwangu mimi hizo tatu zina uzito kuliko Topping na Dancer pamoja, na ndizo dhaifu kuliko zote. Hazina kifuniko. Ukizifuta hata kwa kitambaa kikavu, umefuta damu.

Kuhusu thamani nitakuwa mkweli: slaidi nyingi za Watson na Baker zipo kwa wingi, na bei yake haijengi hata choo cha shule. Za Dancer, Enock na Topping hutafutwa zaidi, na za Möller zilizopangwa ni ghali. Lakini ukiuza moja moja unavunja sanduku, na mpangilio wa slaidi ndani ya sanduku nao ni ushahidi. Kabla hujaondoa hata moja, piga picha sanduku likiwa wazi, kila slaidi mahali ilipokutwa.

Usafi ni huu tu. Vumbi liondoe kwa brashi laini ya rangi na kipulizio cha mpira. Kioo kilicho wazi, mbali na lebo na mbali na mviringo, unaweza kukipangusa kwa kitambaa laini kikavu. Ukungu ulio ndani uache. Hizo ni slaidi zilizofungwa na hewa, na kuzifungua ni kazi ya fundi wa makumbusho. Zile zenye maji ambayo kiputo kimeshakua, usizipashe joto. Zote zilaze bapa. Kwa joto la Tanga utomvu unaweza kulainika, na slaidi iliyosimamishwa kwa ubavu kifuniko chake huteremka taratibu mwaka hadi mwaka mpaka mdudu anakatika viungo. Ziweke gizani, kwenye kabati kavu, maana rangi za kutia tishu hupauka kwa jua.

Wanafunzi wazione, ndiyo. Slaidi iliyoandaliwa ili itazamwe haipaswi kufungiwa moja kwa moja. Ila tumia lenzi ya mara nne na ya mara kumi tu, wewe mwenyewe ukishika kirekebishi. Baadhi ya slaidi za zamani ni nene na vifuniko vyake ni vinene, na lenzi ya mara arobaini itagonga kioo kabla haijafika kwenye picha. Mafuta ya lenzi ya mara mia yasikaribie kabisa. Ningeanza na ulimi wa nzi, halafu ningewapa J.B.D. bila kuwaambia ni nini.

Nitumie picha nne: sanduku likiwa wazi, pande zote mbili za slaidi ya J.B.D., na zile namba tatu zilizokwaruzwa, mwanga ukiwa umelazwa pembeni ili mikwaruzo isomeke.